Gemu Ipi Inamfaa Mwanao?

 

Baada ya ile mada ya uji wa lishe, meseji zimekuja nyingi na karibu zote ni za simu. "Nesi, mwanangu haachi gemu." "Nesi, gemu zinaharibu ubongo?" "Nesi, msimu wa korosho unakuja, mtoto atashinda nyumbani na simu ya kaka yake, nimwekee gemu gani?" Hili la mwisho ndilo nitakalolijibu, kwa sababu ukilijibu vizuri yale mawili ya mwanzo yanapungua yenyewe. Nimeligawa vipande vitano. Soma kimoja kimoja huku maharage yanaiva.

SEHEMU YA 1: UMRI KWANZA

Kabla hatujataja gemu yoyote, tuangalie mtoto ana miaka mingapi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto walio chini ya miaka 5. Ambaye hajafikisha mwaka: skrini hapana. Mwenye mwaka 1: bado hapana. Miaka 2 hadi 4: isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ndiyo vizuri zaidi. Mwongozo huohuo unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13, pamoja na ule wa mchana. Kwa hiyo ukinikuta naandika hapa kuhusu gemu, jua nazungumzia mtoto wa kuanzia miaka 6 hivi kwenda juu. Yule mdogo mpe sufuria na mwiko agonge. Anajifunza mengi kuliko unavyodhani.

Kwa wakubwa, miaka 5 hadi 17, mwongozo wa mwaka 2020 unataka wastani wa dakika 60 kwa siku za kukimbia, kuruka, kutoa jasho. Watoto wa kwetu huwa wanazipata hizo kwa kuchota maji na kucheza mpira tu. Lakini mtoto aliyekaa kwenye mkeka na simu tangu asubuhi hazipati, hata kama gemu yenyewe ni nzuri kiasi gani. Hilo naomba libaki kichwani mpaka mwisho wa mada.

SEHEMU YA 2: GEMU ZENYEWE NI ZIPI

Gemu ziko aina nyingi. Leo nachukua aina moja tu, zile za mafumbo zinazofuata sheria za vitu. Humo ndani kitu kikiachiwa kinaanguka. Kamba ikikatwa, mzigo unabembea kwanza ndiyo udondoke. Mnara ukielemea upande mmoja unaporomoka. Mtoto hapewi kazi ya kubonyeza haraka, anapewa fumbo: fikisha hiki pale, kwa kutumia uzito, kamba, maji, mteremko. Nyingi zina na safari ndani yake, unatoka hapa unakwenda kule, kila hatua fumbo jipya.

Ukiona neno "fizikia" usiogope, mama. Wewe unaishi nayo. Ukija kliniki tunamtundika mtoto kwenye mizani, uzito wake unavuta springi, mshale unasogea. Mgonjwa akiwekewa dripu tunaitundika juu, maana ikishushwa chini ya mkono maji hayaingii, na damu inaweza hata kurudi kwenye mpira. Na kwetu huku juu kwenye uwanda wa Makonde nani asiyejua habari ya maji? Mchanga unayameza, mito hatuna, tunakinga ya mvua kwenye mabati. Ya bomba yanatoka bondeni Mitema na lazima yasukumwe na pampu, kwa sababu maji hayapandi mlima kwa hiari. Mtoto wa Tandahimba anayejua hilo ameshaanza fizikia kabla hajafika darasa lolote.

Hata michezo yetu ni hiyohiyo. Manati: ukivuta sana jiwe linakwenda mbali, ukiinua mkono linapita juu ya embe. Kusukuma tairi: likipunguza mwendo linayumba na kulala. Gari la miti: ukikosea ekseli linakwenda upande. Gemu hizi zimechukua mambo hayo zikayaingiza kwenye kioo.

Mimi siwaahidi kwamba mtoto akizicheza atakuwa injinia. Ninachoweza kusema ni kwamba ndani yake anajaribu, anakosea, anaona kwa macho yake kwa nini amekosea, na anarudia bila kuchapwa wala kuchekwa. Hiyo ni tabia nzuri, popote anapoipata.

SEHEMU YA 3: MWANAO ANATAFUTA NINI?

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Tunauliza "gemu gani nzuri?" kama tunavyouliza "panado ngapi?" Lakini gemu haina dozi ya wote. Watoto wawili wa tumbo moja, gemu moja, mmoja anafurahi na mwingine analia.

Kuna Mwingereza anaitwa Richard Bartle. Mwaka 1996 aliandika kwamba wachezaji wa gemu si watu wa aina moja: wapo wanaotafuta mafanikio, wapo wanaotafuta kujua, wapo wanaotafuta watu wa kukaa nao, na wapo wanaotafuta kuwashinda na kuwasumbua wenzao. Yeye alikuwa anaangalia wachezaji wa gemu za maandishi za wakati ule, siyo watoto wenye simu. Ila swali lake linatufaa: huyu anapocheza, anatafuta nini?

Kulijua ni rahisi. Mtoto akikuita, "Mama, njoo uone!" usimjibu "ngoja" siku hiyo. Nenda. Angalia anakuonyesha nini.

1. Akikuonyesha nyota au pointi, huyo anapenda kukamilisha. Anataka kitu chenye mwisho na alama. Anafaa Cut the Rope, iliyotoka mwaka 2010. Kuna kidude cha kijani kinaitwa Om Nom kinataka pipi, na pipi imefungwa kwenye kamba. Mtoto anakata kamba kwa kidole, kwa mpangilio na kwa wakati wake, pipi ipite kwenye nyota tatu ndiyo imfikie Om Nom. Hatua ni fupifupi, kwa hiyo ni rahisi kumwambia "ukimaliza hii, weka simu." Angalizo: kuna watoto nyota zinawaumiza. Akipata mbili badala ya tatu anaona ameshindwa kabisa, anatupa simu. Ukimwona hivyo usimtafutie gemu ngumu zaidi. Mtafutie isiyohesabu nyota.

2. Akikuonyesha kitu kinavyoporomoka, huyo anapenda kubomoa. Msimwogope jamani, na msiseme ana roho mbaya. Kubomoa ni njia ya kujua kitu kimesimamaje. Anafaa Angry Birds, ya kampuni ya Rovio ya Finland, iliyotoka Desemba 2009. Ni manati tupu: unavuta, unapima pembe, unaachia ndege aangushe vibanda vya nguruwe. Hapa hata mjomba mtu anaweza kuketi na kufundisha, maana manati anaijua.

3. Akikuonyesha kitu cha ajabu, "Mama, ukifanya hivi inakuwa hivi!", huyo anapenda kujua. Hajali kama amemaliza. Anafaa Where's My Water? ya Disney, ya mwaka 2011. Mamba anaitwa Swampy anataka kuoga, maji hayamfikii. Mtoto anachimba udongo kwa kidole kuyaelekeza maji, na asipoangalia yanapotea njiani au yanachanganyika na sumu. Nadhani mtoto wa huku hahitaji kuelezwa kwa nini maji kupotea ni jambo zito.

4. Akikuonyesha alichokisimamisha, huyo ni mjenzi. Anafaa World of Goo ya mwaka 2008, iliyotengenezwa na watu wawili tu kwa sehemu kubwa. Unaunganisha vitone vyenye kunata, kimoja baada ya kingine, mpaka upate mnara au daraja la kufikia bomba. Ukijenga upande mmoja tu, mnara unalala. Ukitumia vitone vingi kujengea, vinabaki vichache vya kufika bombani, na kuna idadi lazima ifike. Siku mkipita Masasi kwenda Mtambaswala, mwonyeshe Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma, lenye mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010. Mwache aangalie nguzo zake. Atakuuliza maswali mpaka uchoke.

5. Akikuonyesha mtu au mnyama wa kwenye gemu na kukusimulia anakwenda wapi, huyo anafuata hadithi. Kwa huyu kuwa makini kuliko wote, maana gemu za hadithi zenye mafumbo ya aina hii baadhi ni za wakubwa. Mfano ni Limbo, iliyotengenezwa Denmark mwaka 2010. Mafumbo yake yanasifiwa sana: masanduku, kamba, mashine. Lakini ni giza tupu, mtoto wa kiume anamtafuta dada yake msituni, kuna buibui mkubwa, na yule mtoto anakufa kwa namna za kutisha kila unapokosea. Kaka mtu wa miaka 18 ataipenda. Mtoto wa miaka 7 ataota usiku na wewe ndiye utakayeamka. Usiangalie picha ya mbele peke yake. Cheza wewe dakika 10 kwanza.

6. Na akikuita halafu hana la kukuonyesha, anataka tu ukae hapo, huyo anatafuta mwenzake. Iko Human: Fall Flat ya mwaka 2016, mtu laini anayeyumbayumba kama mlevi, anapanda, anasukuma, anadondoka, na inachezwa na wenzako kwa pamoja. Watoto wanacheka mpaka mbavu ziume. Lakini kwenye simu, kucheza na wenzio huko kunataka intaneti, na sipendi mtoto mdogo awe mtandaoni na watu asiowajua. Njia ya nyumbani ni hii: simu moja, vichwa viwili. Mmoja anagusa, mwingine anashauri, hatua ikiisha mnabadilishana. Gemu yoyote kati ya nilizotaja inachezeka hivyo.

SEHEMU YA 4: WASIOTAFUTA GEMU

Nina ruhusa ya mama mwenyewe kusimulia hili, bila jina wala kijiji.

Kijana wa miaka 9 alianguka kwenye mwembe, mguu ukavunjika, akafungwa POP. Wiki nyingi za kukaa. Kaka yake akamwachia simu yenye gemu ya kupigana risasi. Mama alipomleta kuangaliwa alikuwa amechoka kuliko mgonjwa. "Nesi, huyu kawa mtu mwingine. Usiku halali, mchana anafoka, juzi kampiga mdogo wake kwa fimbo ya kutembelea. Nimnyang'anye simu?"

Nikamwambia mama, tumwulize mwenyewe. Nikakaa naye. "Baba, hebu nionyeshe hiyo gemu. Hapa unapenda wapi?"

Nilitegemea ataniambia habari za bunduki. Akasogeza mpaka mahali ghala linapolipuka. "Hapa," akasema. "Linavyodondoka. Nataka kujua lingewekwaje lisidondoke."

Mama yake akanitazama. Mtoto alikuwa mjenzi, na muda wote huo alikuwa anapewa bunduki kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye simu. Tukakubaliana mambo matatu. Ile gemu itolewe, iwekwe ya kujenga. Simu itoke chumbani saa 2 usiku, ilale kwa mama. Na kila jioni mama akae naye robo saa, amwonyeshe alichojenga.

Sitawadanganya kwamba gemu ilimponya. Mguu uliunga kwa muda wake, na bado kuna siku alilia akisikia wenzake wanacheza mpira nje. Usingizi ndio uliorudi kwanza, na mimi naamini ni kwa sababu ya ile saa 2, siyo kwa sababu ya gemu. Kufoka kukapungua. Halafu akaanza kujenga madaraja ya mabua ya mtama juu ya kitanda, akiyapima kwa kuyapandishia kopo la maziwa lenye mchanga. Mdogo wake aliyepigwa fimbo ndiye aliyekuwa analeta mabua.

Lakini kitu ambacho mama yule aliniambia baadaye ndicho kilichonifanya niandike sehemu hii. Alisema, "Nesi, ile robo saa. Nilidhani naangalia daraja. Kumbe alikuwa ananisubiri siku nzima anieleze anaogopa mguu utabaki mfupi."

Alikuwa amebeba hofu hiyo wiki tatu. Hakuna aliyemwuliza, na yeye hakuwa na pa kuanzia mpaka mtu alipokaa karibu yake. Tulimweleza, tukamwonyesha picha ya eksirei, mfupa unavyounga. Akauliza, "Kwa hiyo na wenyewe ni kama daraja?" Nikamwambia ndiyo, mwili nao unajenga.

Mama, najua msimu ukifika unatoka alfajiri kuokota korosho na unarudi jua limezama. Ada na bati za nyumba ziko kwenye hizo korosho. Sikulaumu hata kidogo kwa kumwachia mtoto simu, wala usimsikilize anayekulaumu na hajawahi kuinama shambani. Ninachokuomba ni kuangalia kama mtoto anatafuta gemu au anatafuta mtu. Dalili za anayetafuta mtu ni hizi: anabadilisha gemu kila baada ya dakika chache na hakuna inayomtosha, ukikaa karibu anaiweka simu mwenyewe, anacheza usiku baada ya wote kulala. Huyo hata umwekee gemu mia hazitamtosha. Robo saa yako, au ya bibi, au ya mjomba, itamtosha.

Na mtoto aliyeacha kula, aliyeacha kucheza na wenzake, anayekosa shule kwa ajili ya gemu kwa miezi, mlete tuongee naye. WHO imeshaingiza tatizo la gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Wengi wa watoto wetu hawajafika huko. Aliyefika si mtundu wala hajalogwa. Anahitaji msaada.

SEHEMU YA 5: SIMU YENYEWE

Haya sasa ya mkononi.

Gemu za bure zinakula kwa matangazo. Kuna mama alinionyesha gemu ya watoto ambayo kila baada ya hatua mbili linatokea tangazo la kubeti. Zima data kabla ya kumpa mtoto simu. Gemu nyingi za mafumbo zinachezeka bila intaneti, na matangazo mengi yanakatika hapo. Bando lako nalo linabaki salama.

Kama gemu haifunguki kabisa bila intaneti, kwa mtoto wa chini ya miaka 10 mimi naiacha.

Play Store ina sehemu ya kuweka nywila kabla ya kununua chochote. Iweke. Namba ya siri ya pesa za simu mtoto asiijue, na isiwe mwaka wake wa kuzaliwa, maana huo anaujua.

Simu nyingi za Android unaweza kuzifunga zibaki kwenye programu moja tu, asitoke kwenda kwenye meseji zako. Mwombe kijana wa duka la simu akuonyeshe, ni dakika mbili.

Mwonekano wa kioo uwe na mwanga wa kutosha, simu isikae puani. Kila baada ya dakika 20 ainue macho aangalie mbali, ahesabu mikorosho ya jirani. Kucheza nje mchana kunayasaidia macho yasianze kuona karibu tu.

Chaji: wenye sola ndogo mnajua wenyewe. Simu ikiwa inachajiwa mtoto asiichezee, hasa ile inayopata moto.

Na mwisho, kata muda kwa hatua, usikate kwa dakika. Ukisema "dakika kumi", mtoto hazijui. Ukisema "hatua tatu halafu tunakula", anazihesabu mwenyewe, na mara nyingi anaweka simu bila vita.

Jioni ya leo fanya jambo moja tu. Mwanao akikuita, "Mama, njoo uone," nenda, kaa, angalia anakuonyesha nini. Halafu niandikie: ni wa nyota, wa kubomoa, wa kujua, wa kujenga, wa hadithi, au anakutaka wewe? Wiki ijayo narudi na mada mliyoiomba ya degedege na homa za usiku. Mtumie na shemeji yako wa Newala aliyesema gemu zote ni za shetani, mwambie nesi anamsalimu.